Kamera Imezima Lini?

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa mitandao



Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo kila fundi wa kamera aliyemo ukumbini humu ameshakutana nalo. Mteja anapiga simu kwamba kamera ya nyuma haina picha. Fundi anafika, anapanda ngazi, anaishika kamera. Haina taa, haina joto, haina dalili yoyote ya uhai. Anashuka na kutoa hukumu: "Mama, hii imekufa, tununue nyingine." Inanunuliwa, inafungwa, na kwa wiki mbili tatu mambo yanakuwa shwari. Kisha ile mpya nayo inazima, na simu inapigwa tena. Safari hii sauti ya mama imebadilika.

Mwenye duka la jumla Kariakoo, au mwenye nyumba ya wageni Nungwi, hakufunga kamera kwa fahari. Alifunga ili apate usingizi. Kumuuzia kamera ya pili wakati ya kwanza ni nzima ni kumlia fedha zake bila haki, hata kama fundi hakukusudia. Kwa hiyo nalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Rai yangu ni kwamba kamera inayopata umeme kupitia kebo ya mtandao ikizima, tuanze kwa kuuliza ilizima lini, ndipo tuulize kilichoharibika. Haikuwaka tangu siku ya kufungwa? Inazima jua likizama? Ilizima baada ya mvua? Ilizima siku ile kamera ya tano ilipoongezwa? Kila jibu linatupeleka mahali tofauti, na ili tujue ni wapi, lazima kwanza tuelewe umeme huu unasafiri vipi.

Kamera ya kwanza ya mtandao kuingia sokoni ilitoka kampuni ya Axis ya Sweden mwaka 1996. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo kila kamera ya namna hii ilitaka waya mbili: ya mtandao na ya umeme. Kila kamera na adapta yake, kila adapta na soketi yake, darini au nje ukutani palipo na jua na popo. Mwaka 2003 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikapitisha kiwango kinachoitwa 802.3af, ambacho kwa mara ya kwanza kiliweka utaratibu mmoja wa kupeleka umeme kwenye kebo ileile ya mtandao. Ndicho tunachokiita PoE. Tundu la swichi linatoa hadi wati 15.4, na kifaa kilichoko mwisho wa kebo kinahakikishiwa wati 12.95. Angalieni tofauti hiyo. Karibu wati mbili na nusu zimetengwa makusudi kwa ajili ya kupotea njiani. Waliotunga kiwango walijua kwamba kebo hula umeme, wakaiwekea fungu lake. Mwaka 2009 kikaja 802.3at chenye wati 30 kwenye tundu na 25.5 kwenye kifaa, kisha mwaka 2018 kikaja 802.3bt kinachofika wati 90 kwenye tundu. Kamera zetu nyingi ziko kwenye viwango viwili vya kwanza.

Volti zake ni za juu kuliko wengi wanavyodhani: kati ya 44 na 57, za mkondo mnyoofu. Wazee waliokuwa na simu ya mezani wanakumbuka kwamba umeme ulipokatika mtaa mzima, simu iliendelea kulia. Volti 48 zilitoka kwenye betri za mtambo wa simu na kupita kwenye waya uleule wa sauti. Wazo ni lilelile, na sababu ya volti hizo ni ileile: ukipeleka wati zilezile kwa volti nyingi, mkondo unakuwa mdogo, na mkondo mdogo haupotei sana njiani. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloua kamera nyingi usiku.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye namna swichi inavyoanza kutoa umeme. Swichi ya kiwango haimwagi volti 48 kwenye kila tundu. Inapiga hodi. Inatuma volti kidogo tu, kati ya 2.8 na 10, na kupima ukinzani wa kilichoko upande wa pili. Ndani ya kamera mna ukinzani uliowekwa kwa kazi hiyo tu, wa kilo-omu 25. Swichi ikiona thamani kati ya kilo-omu 19 na 26.5, inajua mwenyeji yupo. Ikiona chini ya 15 au zaidi ya 33, ni lazima ikatae, maana huenda upande wa pili ni kompyuta au simu isiyotaka umeme huo, na kuulazimisha ni kuiunguza. Baada ya hodi kuitikiwa, swichi inapandisha hadi volti kati ya 15.5 na 20.5 na kuuliza daraja: kamera inajibu kwa kuvuta mkondo fulani, na mkondo huo unaieleza swichi kama mwenyeji huyo anataka wati 4, 7, 13 au 25. Hapo ndipo umeme kamili unapofunguliwa. Na mazungumzo hayaishii hapo. Kamera inatakiwa iendelee kuvuta angalau miliampea 10. Ikinyamaza kwa kati ya milisekunde 300 na 400, swichi inahesabu kwamba kebo imechomolewa, inakata, na kuanza upya kupiga hodi.

Haya yote yanatokea kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyasimulia, lakini matokeo yake kwa fundi ni makubwa. Fundi anachomoa kebo kwenye kamera, anagusisha multimita kwenye pini, haoni volti 48. Anaona sifuri, au namba ndogo zinazorukaruka. Anasema swichi imeharibika. Jamani, swichi hiyo inaweza kuwa nzima kabisa. Hakuna aliyeitikia hodi, kwa hiyo hakuna umeme, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Multimita yake haina ukinzani wa kilo-omu 25. Kuupima umeme wa PoE kunahitaji testa ya PoE inayojua kuitika, au kupima wakati kamera imeunganishwa na inafanya kazi. Nimeona swichi nzuri zikitolewa ukutani kwa sababu ya kipimo hiki kimoja kisichosema lolote.

Kipimo cha kwanza kisichohitaji chombo ni hiki. Ishushe kamera, ilete hadi kwenye swichi, iunganishe kwa kebo fupi unayoijua ni nzima, kwenye tundu lilelile. Kama kamera iko juu ya mlingoti na kuishusha ni hatari, panda na kamera ya akiba unayoijua ni nzima. Ikiwa kamera iliyozima inawaka kwenye kebo fupi, umeshajua mawili kwa mkupuo: kamera ni nzima, tundu ni zima. Ugonjwa uko kwenye kebo, kwenye ncha zake, au kwenye urefu wake. Ikiwa haiwaki, jaribu tundu jingine, kisha kamera nyingine kwenye tundu la kwanza. Dakika kumi za kazi hii zinaokoa bei ya kamera, na bado namjua fundi mzuri wa kukrimpu, mwenye mkono safi, ambaye hajawahi kuifanya hata mara moja kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Tuanze na kamera ambayo haikuwaka kabisa tangu siku ya kufungwa. Hapa mara nyingi tatizo ni la makubaliano: vifaa viwili havizungumzi lugha moja. Kuna vifaa vingi vilivyoandikwa PoE kwenye boksi lakini havipigi hodi. Vinatupa volti 24, au 12, au 48, moja kwa moja kwenye pini 4, 5, 7 na 8, awe mtu yupo au hayupo. Kamera ya kiwango cha 802.3af inataka volti 37 na kuendelea, kwa hiyo volti 24 haziiamshi. Na kinyume chake, swichi ya kiwango ikipiga hodi kwenye kifaa cha volti 24 haioni kilo-omu 25, inanyamaza. Vyote viwili vizima, vyote viwili vinaitwa PoE, na havitafanya kazi pamoja hata ukikrimpu upya mara ngapi. Someni maandishi madogo nyuma ya kifaa. Kama hayataji 802.3af, at au bt, ulizeni volti zake kabla ya kulipa.

Lipo pia zoea la kugawa kebo moja ihudumie kamera mbili: jozi mbili huku, jozi mbili kule. Data ya kasi ya megabiti 100 inatosheka na pini 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo picha inapita. Umeme ndio unaoleta mtihani. Swichi nyingi hupitisha umeme kwenye pini hizohizo za data, lakini injekta nyingi, zile za kuingiza umeme kwenye kebo, huupitisha kwenye 4, 5, 7 na 8. Kamera ikihamishwa kutoka swichi kwenda injekta, inazima papo hapo, na injekta ya watu inalaumiwa. Kebo ni za bei nafuu kuliko ngazi. Vuta kebo kamili kwa kila kamera, funga nyaya zote nane kwa mpangilio mmoja pande zote, na utaondokana na maswali haya.

Sasa nafika kwenye kundi ninalotaka tulitazame kwa karibu zaidi: kamera inayofanya kazi mchana kutwa, kisha saa kumi na mbili na nusu jioni inazima, inawaka, inazima, mpaka alfajiri. Mwenye nyumba anaona picha nzuri wakati ambao haihitaji, na anaona giza wakati wezi wanapotembea. Hakuna hitilafu inayodhuru imani ya mteja kuliko hii.

Sababu yake ni taa. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za infraredi, zile tusizoziona kwa macho, na wati inazovuta zinapanda kwa ghafla. Kebo iliyokuwa ikimudu mzigo wa mchana inashindwa mzigo wa usiku. Volti zinaporomoka, kamera inazima. Ikizima, taa nazo zimezima, mzigo umepungua, swichi inapiga hodi, kamera inaitika vizuri, inaanza kuwaka. Inamaliza kuwaka, inatazama nje, inakuta giza, inawasha taa. Inaanguka tena. Ndiyo maana ukikaa kimya karibu nayo unasikia ule mlio mdogo wa kichujio ndani ya lenzi kila baada ya dakika moja au mbili. Kamera hiyo haina kosa. Ukiwa na mashaka, ingia kwenye mipangilio yake ukazime taa za infraredi usiku mmoja. Ikikaa bila kuanguka, ugonjwa umejulikana.

Nataka tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii haibishaniki. Chukueni kebo nzuri ya shaba tupu, waya wenye unene wa nusu milimita, urefu wa mita 100. Umeme ukienda kwa jozi moja na kurudi kwa jozi nyingine, njia nzima ina ukinzani wa omu 8.4 hivi. Mwisho wake kuna kamera kubwa ya kuzunguka inayovuta wati 25, na swichi inatoa volti 50. Kamera itapata volti 45, kwa mkondo wa ampea 0.55. Iko ndani ya kiwango, inafanya kazi usiku na mchana.

Sasa badilisha kebo tu. Weka ile yenye waya mwembamba, wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukinzani wa njia nzima unapanda hadi omu 21 hivi. Kamera ileile, swichi ileile, volti zilezile 50. Kamera inabaki na volti 35, na ili ipate wati zake inalazimika kuvuta ampea 0.71. Kiwango kinataka kamera ya namna hii ipate angalau volti 42.5, na kinaruhusu ampea 0.6. Volti hazitoshi na mkondo umezidi. Tundu linakata. Karibu wati 11 zinapotea kuipasha moto kebo iliyoko ndani ya ukuta. Hakuna kamera duniani itakayotibu hilo.

Mtaniuliza, mbona kebo hizo zimejaa na watu wanazitumia? Kwa sababu kamera ndogo inazistahimili. Kamera ya wati 12 kwenye kebo hiyohiyo, kwa volti 48, inapata volti 42. Inaishi. Lakini inaishi ukingoni. Ongeza kiungo kimoja kibovu, kilicholegea, kinachoongeza omu 15 kwenye njia nzima, na volti zinashuka hadi 36, chini ya zile 37 ambazo kiwango kinamtaka mtengenezaji azitegemee. Na kwenye kiungo hicho zinapotea wati 1.7 mfululizo, mahali padogo kuliko punje ya mchele. Mkifungua plagi ya namna hiyo mtakuta plastiki imekuwa kahawia. Alumini ina tabia hii ya kulegea: inajifunika utando wake wenyewe usiopitisha umeme, na inakatika ikikunjwa mara chache. Kiungo kilichokuwa kizuri Januari hakiwi kizuri Oktoba.

Mkienda madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, mtakuta maboksi ya mita 305 yanayofanana kwa rangi na maandishi. Liinueni kwa mkono. Uzito wa alumini hauufikii hata theluthi ya uzito wa shaba kwa ujazo uleule, kwa hiyo boksi la alumini unalinyanyua bila kukaza mgongo. Kisha ombeni kipande, mkwangue waya kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe chini ya ngozi nyembamba nyekundu, rudisheni. Viwango vya kebo za aina ya 5e na 6 vinataka shaba tupu, na boksi lenye waya wa alumini lililoandikwa hivyo linasema lisilo kweli.

Kwa kebo iliyokwisha kufukiwa ukutani, kuna kipimo kingine. Chomoa pande zote mbili. Upande wa mbali, zipinde pamoja nyaya mbili za jozi moja. Upande wa huku, pima omu za nyaya hizo mbili. Shaba nzuri ya mita 100 inakupa omu 17 hivi. Kama kebo yako ni mita 50, tarajia nusu ya hapo. Ukiona 40 na zaidi kwenye mita 100, umeshajua umelala na nani. Zile testa za taa nane zinazouzwa kwa bei ndogo hazitakuambia hili, kwa sababu taa inawaka hata njia ikiwa na ukinzani mkubwa. Zinafaa kuonyesha mpangilio wa waya tu.

Wanaotumia vile vigawanyio vya volti 12, vinavyouzwa viwili viwili, wako katika hali mbaya zaidi. Kwa volti 12, kebo nzuri ya shaba ya mita 100 haiwezi kufikisha zaidi ya wati 4.3, hata ufanyeje. Kamera inayotaka wati 5 usiku haitawaka kwenye urefu huo. Kwenye mita 30 itapata karibu volti 11 na itafanya kazi bila tatizo. Kwa hiyo fundi aliyefanikiwa kwenye kioski akaenda kufanya vilevile kwenye ghala, asishangae.

Tuje pwani. Nyumba moja ya wageni, hatua chache kutoka mchangani, ilikuwa na kamera iliyozima kila alfajiri na kuwaka yenyewe kuelekea saa sita mchana. Wenye nyumba walishaizoea, wakawa wanasema ina usingizi. Mkia wa kamera, ule wenye tundu la kuchomekea plagi, ulikuwa unaning'inia nje ya boksi, umefungwa utepe mweusi wa umeme. Utepe ulipofunguliwa, pini zilikuwa na kutu ya kijani, na ndani mlikuwa na unyevu wenye ladha ya chumvi.

Hebu rudini kwenye hodi. Kamera inajibu kwa kilo-omu 25. Unyevu wenye chumvi kati ya pini na pini ni njia nyingine ya umeme, sambamba na ile ya kamera. Tuseme una kilo-omu 30. Viwili hivyo vikiunganika sambamba, swichi inaona kilo-omu 13.6. Hiyo iko chini ya 15. Swichi inakataa, na ina wajibu wa kukataa. Umande wa usiku unaleta unyevu, jua la mchana linaukausha, kilo-omu 25 zinarudi, kamera inaamka. Hapakuwa na muujiza. Lakini ona pia jinsi kosa hili lilivyo kinyume cha lile la alumini. Kule hodi inaitikiwa vizuri na kamera inaanguka ikibeba mzigo. Hapa hodi yenyewe haiitikiwi, na ikishaitikiwa kamera haiangushwi na mzigo. Fundi anayejua saa ya kuzima anajua ni lipi kati ya hayo mawili kabla hajashika bisibisi.

Kupima uvujaji ni rahisi. Chomoa pande zote mbili, weka multimita kwenye kilo-omu, pima kati ya jozi na jozi. Kebo kavu haionyeshi kitu. Ukiona namba yoyote, kuna maji au chumvi mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ncha. Tiba yake ni kukata ncha iliyooza hadi ufikie shaba inayong'aa, kukrimpu plagi mpya, na kama tundu la mkia wa kamera limeliwa, kubadilisha mkia tu. Ndani ya boksi la kamera ya nje kwa kawaida mna kifuniko kidogo cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji, cha kuvalisha plagi kabla ya kukrimpu. Kimewekwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi kinatupwa pamoja na karatasi. Kitumieni. Acheni kebo ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke kabla ya kufika. Pakeni grisi ya silikoni kwenye pini. Na tafadhali, msizibe kwa ile silikoni yenye harufu ya siki: harufu hiyo ni asidi, na asidi inaila shaba mliyokuja kuilinda.

Kamera iliyozima siku nyingine ilipoongezwa ni hadithi fupi. Swichi yenye matundu manane haimaanishi ina umeme wa kamera nane. Tazameni jumla ya wati zake. Swichi ya wati 65 inayotenga wati 15.4 kwa kila kamera ya daraja la 3, au kwa ile isiyotaja daraja lake, itahudumia kamera nne. Ya tano inakataliwa, hata kama zote kwa kweli zinakula wati tano tano. Baadhi ya swichi hutenga kwa daraja, nyingine kwa matumizi halisi, na nyingine huzima tundu lenye kipaumbele cha chini ili kulipa la juu, ndiyo maana inayozima huenda isiwe ile mpya. Kama swichi inasimamiwa, ukurasa wake wa PoE unasema wazi nani amekataliwa na kwa nini. Angalieni pia adapta ya swichi. Ile ya asili ikiungua na ikaletwa nyingine ya volti 48 mahali pa 54, kamera kubwa za wati 25 zinaanza kusumbua ilhali ndogo ziko salama, kwa sababu kiwango cha 802.3at kinataka tundu litoe angalau volti 50.

Kuna ile inayozima baada ya radi. Kwa wenzetu wa ukanda wa Ziwa Victoria, kutoka Mwanza na Bukoba hadi Kisumu na Kampala, hili si jambo la mara moja kwa mwaka. Hapa mara nyingi kamera imekufa kweli, au tundu, au vyote, na kwenye kebo fupi hakuna kinachobadilika. Jambo la kuangalia ni kwamba msichomeke kamera mpya kwenye tundu ambalo hamjalipima kwa kifaa cha bei ndogo. Kizuia radi kinachofungwa kwenye kebo kinafanya kazi pale tu kinapokuwa na njia fupi, nene, kwenda kwenye ethi. Bila ethi ni kiungo cha ziada tu cha kuingiza unyevu. Na kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine, kama bajeti inaruhusu, iwe ya faiba, kwa sababu kioo hakipitishi radi.

Nimalizie na suala la malipo, kwa sababu naamini mengi ya haya mafundi wanayajua na bado wanabadilisha kamera. Mteja wetu amezoea kulipia kitu anachokishika. Akiona kamera mpya anatoa fedha bila kinyongo, lakini ukimwambia umetumia saa mbili kupima kebo na kukata ncha moja, anauliza umefanya nini. Tumemfundisha hivyo sisi wenyewe, kwa kuficha ufundi wetu ndani ya bei ya vifaa. Ninapendekeza tuutoe nje. Kwenye makadirio ya bei tunayompa mteja, uwepo mstari unaosema uchunguzi, na bei yake, unaolipwa hata kama hakuna kilichonunuliwa. Chini yake ziandikwe namba: omu za kila kebo siku ya kufungwa, urefu wake, tundu lake, wati za kamera mchana na usiku, wati zilizobaki kwenye swichi. Nakala moja aishike mteja na nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi, ili fundi atakayeitwa mwakani, hata kama si wewe, alinganishe namba zake na zako kabla hajaegemeza ngazi ukutani.